Ngozi ya Ndani Imemng'ang'ania Mama Mkwe

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Salamu, na pole kwa kazi ya kujibu watu wenye vipele. Mimi ni fundi rangi wa nyumba, sina kipele hata kimoja. Nina kesi na ngozi yangu ya ndani, ile iliyo chini ya hii tunayoikuna, na naomba uichukulie hatua kabla mke wangu hajahamishia hata sufuria kwa mama yake.

Chanzo ni mapenzi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, huchora watu tatuu. Nikamwomba anichoree uso wa mke wangu kifuani. Mkono wake mzito. Alipoongeza vivuli viwili vitatu, akatoka mama yao mzimamzima, pamoja na lile jicho la kunishuku. Mke wangu alipouona aliuliza, "Kumbe ndivyo unavyoniona?" akafunga mzigo, akaenda kwa mama yake.

Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Wewe uliandika kwamba ngozi ya mtu hubanduka na kuzaliwa upya kila mwezi. Nikampigia mke wangu simu, nikamwambia avumilie, mama anabanduka. Mwezi umekwisha, mama yuko palepale, nami naitwa mwongo. Ndipo ukaandika tena, bila haya, kwamba wino hukaa kwenye ngozi ya ndani, nayo haibanduki.

2. Katika kazi yangu, rangi isiyotakiwa hukwanguliwa. Nilijaribu msasa laini. Naomba tusilizungumze hilo.

3. Mkwe ni wa kuheshimiwa. Nitavuaje nguo mbele yake? Naoga na fulana, nalala na fulana, na hata nikitaka kumpa mgongo siwezi, kila nigeukapo tunageuka wote.

4. Ngozi ya juu ndiyo inayochapwa na jua na mvua, na haidai kitu. Ya ndani imekaa kivulini kama bosi, na kitu kikishaifikia hakitoki.

5. Kwa hiyo zibadilishane zamu. Ya ndani ije nje mwezi mmoja tu, ibanduke kama mwenzake. Ikikaidi, ipewe uhamisho.

Nampenda mke wangu, Mhariri. Nyumba imepooza, hata chai naichemsha na kuisahau.

Wasalimie wapiga chapa, wafagizi, na daktari wako wa ngozi kama bado mnaongea.

Ni mimi, mtiifu ndani ya fulana,
Fundi Rangi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mama mkwe ameingia akimwongoza mke wangu kwa mkono. Kasikia sura yake iko kifuani kwangu, kataka kushuhudia. Nikafungua vifungo nimeinamisha kichwa. Alitazama kwa muda, akajifuta macho, akasema tangu afiwe na mumewe hakuna aliyewahi kutaka picha yake, hata ya ukutani. Kisha akamwamuru binti yake afungue mzigo, na mimi akaniahidi kwamba kila akija atakagua. Sikuthubutu kumweleza. Mke wangu anajua, na amejibanza jikoni anacheka peke yake. Ichane barua hii, Mhariri, ila nijibu upesi: hiyo ngozi ya ndani, una hakika kabisa haiachii rangi?