Kamera Iliyofukizwa Kama Dumu la Maziwa

Jumatatu, 12 Januari 2026
Hatari! Jirani Jawahir ameiona kamera. Ameisifu mara tatu, na mashallah ya kukinga jicho la husuda hakusema hata moja. Wallahi nilihesabu. Kamera yenyewe ni ya Abdimalik, mpiga picha za harusi. Amemwazima Filsan wangu mpaka Alhamisi. Filamu anayotengeneza iende kwa wafadhili wa filamu Nairobi, Ijumaa kabla ya adhuhuri. Mbili za kwanza walizikataa. Hii wakiikataa, Filsan anaacha filamu, anakwenda Wajir kwa abti yake, mjomba Siyad, kuuza mabati. Binti yangu na mabati!

Jumanne, 13 Januari
Filsan anatupiga picha sisi mama wa maziwa, sokoni. Kaniambia nisitazame kamera. Nisipoitazama nani atailinda? Akasema, hooyo, mama, unakodoa macho kama umeona fisi. Nimeona Jawahir, ni yale yale. Mbele ya wateja akauliza kama hiyo kazi ya Filsan ina ofisi. Mwanawe Shuaib ana ofisi. Ina feni!
Lakini nimepata akili. Maziwa ya ngamia yanatoka mbali kwa jua hili, mbona hayaharibiki? Kwa sababu dumu tumelifukiza moshi. Basi.

Jumatano, 14 Januari
Filsan alipoingia kuswali, nikawasha chetezo. Kijiti kile kile cha kufukizia madumu, na uunsi, ubani wetu, juu yake, kwa heshima. Nikaitoa kamera kifuniko, nikaishika kichwa chini juu ya moshi, Bismillahi kumi na moja. Ikalia krrr. Nikafurahi: jicho la Jawahir linatoka.

Alhamisi, 15 Januari
Ya Rabbi nisitiri. Picha za leo zote ukungu. Garissa na ukungu wapi na wapi! Abdimalik akaja, akapangusa kioo, kitambaa kikawa rangi ya chai. Akanusa. Akaniuliza kwa adabu, eddo, shangazi, mbona kamera yangu inanuka dumu? Nikasema ni jicho la mtu. Akasema jicho halina masizi. Kaondoka nayo.
Filsan hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ametoa begi, anakunja nguo. Wajir! Nikakiri kwake yote, nalia. Akaliweka begi mlangoni. Mwisho akasema, kesho alfajiri fukiza madumu yako kama kawaida, nami nikurekodi kwa simu. Useme tu unachoogopa.

Ijumaa, 16 Januari
Nimesema. Wajir, Nairobi, jicho, feni, yote. Dumu likaniponyoka. Filsan akaunganisha na picha za Jumanne, alizokuwa ameshazihamishia kwenye simu. Saa tano na nusu akabonyeza, ikaenda. Begi bado liko mlangoni. Kila nikipita nalisukuma nyuma ya pazia.

Jumamosi, 24 Januari
Wameikubali tangu juzi! Wamesema yule mama mwenye hofu amewaliza na kuwachekesha. Sioni cha kuchekesha. Begi nimelirudisha juu ya kabati mwenyewe.
Wamemtumia Filsan kompyuta ya kutengenezea filamu nyingine, imefika leo na basi. Jawahir kaja kuishika. Kasema nyepesi, nzuri. Mashallah hakuna!
Filsan kaniapisha kwamba sitafukiza kamera tena. Nimeapa, na kiapo changu ni kiapo. Sasa yuko ndani, anaswali. Nimeigeuza hii kompyuta taratibu. Si kamera. Na huku chini ina vitundu vidogo vidogo, vimepangwa vizuri, bila shaka ni vya kupitishia moshi. Waliotengeneza ni watu wa akili.
Makaa yameshika.