Mabomba Mawili, Tangi Moja na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Zimebaki siku tano tufanye mtihani wa leseni ya ufundi bomba. Nikifeli, nitafanya kazi chini ya shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kushika spana! Leo katunga zoezi kwa tangi letu la darini. Bomba moja hulijaza kwa saa sita, jingine kwa saa tatu. Yakifunguliwa yote? Nikajibu chapuchapu: sita na tatu, tisa. Akauliza kwa upole iweje bomba la pili licheleweshe maji. Mke wangu alicheka hadi akaweka kikombe chini. Miaka kumi na miwili kwenye fani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 5 Machi
Nimesahihisha. Tisa gawa kwa mbili: saa nne na nusu. Shemeji kashikilia saa mbili. Eti kila saa hili linajaza sehemu moja ya sita, lile moja ya tatu, jumla nusu tangi. Sehemu, sehemu! Tangi si keki. Kesho nitamuumbua.

Jumatano, 6 Machi
Nikafungua yote mawili. Lile boya linalozuia maji tangi likijaa nikaling'oa, lisiniharibie vipimo. Nikajilaza, si nina saa nne na nusu?
Baada ya saa mbili tu, ukelele! Dari la chumba cha wageni linamwaga maji, na chini yake mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kalowa chapachapa na godoro lake. Nikaapa boya limekufa lenyewe. Nikainama kumwokotea mto, boya likadondoka kutoka mfuko wa ovaroli. Mama mkwe akaliokota, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema pole baba, kazi ina mambo. Bora angenitukana. Sikuweza kumtazama usoni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekula stoo, kati ya makopo ya rangi. Mke wangu kamtuma shemeji aje anieleweshe zile sehemu. Nikamwambia asijisumbue. Jibu ni saa mbili, nimeliona kwa macho yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Swali limetoka! Bomba la saa nne na la saa kumi na mbili. Nikaandika mbili, na chini yake: nimeshuhudia. Nikatoka wa kwanza, kifua mbele.

Jumatatu, 18 Machi
Shemeji kafaulu. Mimi nimefeli kwa swali moja. Jibu lilikuwa tatu! Mama mkwe akapiga simu kunipa pole, nikajifanya nipo bafuni. Leo nimembebea shemeji mkoba wa spana mtaa mzima, nikitazama viatu vyangu. Fundi uashi mmoja akauliza siku hizi nani fundi, nani msaidizi. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Akasema jioni tukae, anifundishe taratibu.
Nimekataa kwa heshima. Siri nimeshaing'amua. La nyumbani mbili, la mtihani tatu. Mwakani ni nne.