Sikubonyeza Kitu, Nilikuwa Namwogesha Mtoto

Ndugu Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Kila nikishika kalamu mtoto huamka, na akilala yeye, naanguka mimi.

Mimi ni yule mama mliyemwambia simu yake imedukuliwa kwa uzembe wake. Fundi wenu ameisafisha, na katika kusafisha akafuta video zote za mwanangu, pamoja na kicheko chake cha kwanza, alichokitoa akiwa kwenye beseni la kuogea. Baba yake yuko kazini mbali, hajakisikia. Kwa hiyo nalalamika:

1. Tangazo lenu lenyewe linasema udukuzi huu hauhitaji mtu abonyeze kitu. Ujumbe ukifika tu, hata usipofunguliwa, mwizi keshaingia. Lakini binti wa kaunta aling'ang'ania kuniuliza, "Mama, kumbuka vizuri, ulibonyeza nini?" Nilikuwa namwogesha mtoto. Nilichoshika ni sabuni.

2. Mama mkwe kapata habari. Kasema hajaona mlango unaojifungua wenyewe. Sasa simu ikilia tu, ananitazama mimi.

3. Karatasi yenu ya ushauri inanitaka niwe macho. Ndugu yangu, mtoto anaota meno. Nani katika kampuni yenu yuko macho kunishinda?

4. Mnasema mdukuzi alikuwa anasikia kila kitu humu ndani. Basi alimsikia mtoto akilia, na hakubembeleza hata kidogo. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu mpangieni zamu ya nepi.

5. Ikiwa mimi nina hatia kwa kutofanya kitu, mkuu wenu wa usalama naye hakufanya kitu. Tushtakiwe pamoja. Mtoto nitakuja naye.

Naomba mdukuzi afukuzwe leo hii, asibakizwe hata kidole.

Wasalimie wote ofisini, na yule binti pia. Naye katumwa tu.

Wako mteja,
Mama wa mtoto mmoja

Nyongeza: Tafadhali msimfukuze kwanza. Fundi kaninong'oneza kwamba mdukuzi alinakili kila kitu kabla ninyi hamjafuta. Kumbe kati yenu wote, ni yeye tu aliyemtunzia mwanangu kitu. Nitumieni basi: barua yenye muhuri kwamba sikubonyeza, kwa herufi kubwa, mama mkwe haoni vizuri; anwani ya mdukuzi, nimwombe kwa adabu; na ile video ya kwenye beseni, ikiwa na sauti. Zilizobaki akae nazo.