Kifungeni Chumba cha Kunyonyeshea, Nimechoka Kukohoa

Mtaa wa Milanzi,
Sumbawanga.

Mama Mkuu wa Chuo,

Shikamoo. Najua umri wako haufikii wangu, lakini shikamoo hii ni ya ofisi, naomba uipokee hivyo hivyo.

YAH: CHUMBA CHA WANAFUNZI WANAONYONYESHA

Mmebandika tangazo getini mkiomba maoni ya wazazi na walezi: chumba hicho kiendelee, au kirudi kuwa stoo ya viti vibovu kama zamani? Mimi Adolfu, mkulima wa mahindi na ulezi, nasema kifungwe. Kifungwe leo hii kabla ya chai ya saa nne. Viti vibovu navyo vina haki zao.

Mkamwana wangu Emerensiana yuko mwaka wa pili hapo kwenu, anasomea kilimo. Alipojifungua, nyumbani sote tulijua masomo ndiyo basi, tukampongeza kwa alipofikia. Kumbe ninyi mmefungua chumba! Mtoto hata shingo haijakaza, mama yake huyo darasani. Mwanangu Victor, mumewe, yuko njiani na lori la mahindi. Mke wangu Fransiska yuko Muze na biashara yake ya mchele. Nyumbani akabaki nani? Mimi na kuku. Basi mjukuu wangu Kristiana nalea mimi, na kila akililia ziwa nambeba mgongoni kwa kitenge namleta kwenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika ukoo wetu, baba mkwe na mkamwana hawapokezani kitu mkono kwa mkono, wala hawatazamani usoni. Ni heshima. Kwa hiyo nikifika namlaza mtoto mkekani, natoka, naupa mlango mgongo, nakohoa. Emerensiana anaingia, ananyonyesha, anamlaza, anatoka kwa mlango wa pili, naye anakohoa. Ndipo naingia kumchukua. Ndalahwa, mlinzi wenu, ameshanisihi niende hospitali nikapime kifua kikuu.

2. Wiki iliyopita mitihani ilianza na chumba kikajaa. Mimi nimesimama nje, mgongo mlangoni, nikasikia kikohozi. Nikaingia macho chini kama inavyotakiwa, nikachukua mtoto mwenye shali ya kijani kama ya Kristiana, huyoo mpaka Milanzi, namwimbia njia nzima. Nafika, nafungua nepi nimbadilishe. Mungu wangu! Mjukuu wangu amekuwa mwanaume! Nikakaa chini. Kumbe aliyekohoa ni mama mwingine kabisa, ana mafua.

Nilirudi mbio kitenge kikipepea. Watu wa mtaa wa Majengo walitoka madukani kunishangilia, na vijana wa bodaboda wakaniita mshikaji, mimi ambaye jana yake tu waliniamkia shikamoo. Huyo mama wa mafua, mwenye mtoto, alikuwa kwenye mtihani, hana habari. Kristiana alikuwa pale pale mkekani, amelala fofofo. Akina mama waliokuwemo walicheka mpaka watoto wakagoma kunyonya. Je, stoo ya viti iliwahi kumletea mtu aibu ya namna hii?

3. Nikimsubiri mtoto ashibe nakaa chini ya dirisha la darasa, na masikio hayana mfuniko. Sasa kilabuni wenzangu wakizungumzia mpira, mimi nazungumzia naitrojeni. Wamenihamishia benchi la peke yangu.

4. Hili ndilo kubwa. Ugonjwa unaenea. Wake za watoto wa majirani wameona Emerensiana anasoma na mtoto ananenepa, nao wameanza kuomba nafasi chuoni. Mzee Timoth wa pale kilabuni alinicheka kuliko wote. Alikuwa akiniona na kitenge anavuka barabara. Juzi nimemkuta getini kwenu, mtoto mgongoni, anafanya mazoezi ya kukohoa! Mkiendelea hivi, wanawake wote wa Ufipa watakuwa na shahada na wazee wote tutakuwa na vitenge. Kilabuni atakaa nani? Ulezi utanywewa na nani? Jamani, mmefikiria kweli?

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: chumba kifungwe, Emerensiana arudi nyumbani akoke moto, nami nirudishiwe mgongo wangu.

Nisalimie walimu wote, Ndalahwa na ushauri wake, na yule mama mwenye mafua. Mwambie achemshe tangawizi. Mwanawe ni mzito, amemlea vizuri.

Ni mimi, mkohozi wenu wa kila siku,
Adolfu, babu wa Kristiana.

N.B. Barua hii nilikuwa nikuletee jana. Nimefika tu, mvua ikamwagika, na kile chumba paa linavuja (hilo nalo mliangalie), mkeka chapachapa. Hakuna pa kumlaza mtoto, na mtoto analia. Emerensiana akatoka kwenye mtihani wa mwisho anakimbia, akasimama mbele yangu. Nilitazama huku, nikatazama kule. Mwisho nikamtazama yeye, nikanyoosha mikono, naye akanyoosha ya kwake, nikampa mwanawe mkono kwa mkono. Hakuna aliyekohoa. Akaniambia, baba, maswali yote nimeyaweza. Mama Mkuu, nililia mbele za watu, na nilifurahi mno, sijui nikuelezeje.

Maoni yangu hayajabadilika: kifungeni. Ila mngoje kwanza Emerensiana amalize. Nyuma yake yupo binti yangu Lydia, yuko bweni, kidato cha sita. Nyuma ya Lydia yupo huyu wa mgongoni. Siku Kristiana atakapovaa joho lake, mje nyumbani Milanzi tuzungumze habari za viti. Na kama leo asubuhi ufunguo wa chumba hamuuoni, msimsumbue Ndalahwa. Nimeuvaa shingoni, na Jumatatu nitawahi kufungua.