Kitu Kimoja, Kikubwa

Jumatatu, 9 Machi
Balaa! Soko letu la mtandaoni limetangaza: atakayeuza zaidi ya vitu thelathini kwa mwaka, jina lake litapelekwa idara ya kodi. Nimeshauza ishirini na tisa, vyote vikuukuu vya stoo. Nimebakiwa na nafasi moja. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimetafuta kamba.

Jumanne, 10 Machi
Meza, viti, feni, pasi, masufuria, ndoo. Vyote nimevifunga pamoja. Kikawa kinapepesuka, nikakiwekea cherehani ya mke wangu chini, kwa muda tu, kisitetereke. Nikapiga picha. Tangazo: Kitu. Kimoja. Kikubwa. Kichwa hiki, sijui kwa nini hakilipwi mshahara.

Jumatano, 11 Machi
Mteja katokea. Kumbe shemeji! Kaka wa mke wangu, anayenunua vitu vya watu na kuviuza kwa faida, na ambaye tangu siku ya harusi ananiita Bwana Mipango. Mke wangu hayupo, kaenda kununua vitambaa. Nikaanza kuichomoa cherehani. Shemeji akanionyesha picha, akasema ama chote ama basi. Nikiifungua, si itajulikana kwamba hiki si kitu kimoja? Nikamsaidia kupakia.

Alhamisi, 12 Machi
Mke wangu ana sare za shule nzima za kushona na hana cha kushonea. Kanikabidhi akiba yake yote nikaikomboe cherehani. Isiporudi kufikia Jumapili, anahamia kwa mama yake. Namjua. Hatanii.

Ijumaa, 13 Machi
Nimepita kwanza idara ya kodi. Afisa, mama mmoja wa miwani, kasema kutajwa si kutozwa. Anayeuza vyombo vyake vilivyochakaa hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni yule anayenunua ili auze kwa faida. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama ananitega. Akaita anayefuata.
Nimeumia sana. Akili yote ile, bure! Nikafika mlangoni, nikasimama. Anayenunua ili auze kwa faida. Shemeji!

Jumamosi, 14 Machi
Shemeji kavifungua vyote, kila kimoja na bei yake. Akataja bei ya feni, nikampa mara mbili. Akaniuliza kama nimepata homa. Masufuria, mara tatu! Faida ikinenepa, kodi nayo inanenepa. Pasi, viti, meza, ndoo isiyo na kitako. Hata kamba nimenunua. Roho kwatu!
Narudi nyumbani, mke wangu yuko mlangoni. Akauliza cherehani iko wapi. Nikamweleza kwamba akiba iliishia kwenye ndoo, lakini kaka yake atakiona cha moto. Hakufurahi nilivyotarajia.

Jumapili, 15 Machi
Kahamia kwa mama yake. Nyumba kimya, nina huzuni kweli. Lazima nipate fedha za cherehani. Yule mama wa miwani simwamini hata kidogo. Ila kile kitu kikubwa nimeshakinunua tena, kwa hiyo nafasi yangu moja imerudi. Kitanda na kabati, nikivikaza vizuri, ni kitu kimoja.
Bahati nzuri, kamba ninayo.