Kisanduku Kinachochukia Vyombo Safi

Mkahawa wa Dervla,
Barabara ya Kanisa,
Kilvarna, Mayo.

Kwa Bwana Fintan Tuohy, Mkuu wa Mafundi wa Mtandao

Bwana Tuohy mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana ninayotaka kukuambia hayamfai mgonjwa. Mimi ni Delia Heraghty, bibi yake Dervla, mwenye ile nyumba uliyoingia na viatu vya matope ukatoka na keki yangu mfukoni. Sikukanyaga darasa hata siku moja. Nilikuwa binti wa kwanza, na binti wa kwanza alibaki nyumbani kubeba wadogo zake. Herufi nilizipata kwenye magunia ya unga. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe, wewe uliyesomeshwa Dublin.

Mjukuu wangu amefungua mkahawa wa kompyuta katika chumba changu cha mbele. Kompyuta tano, chai, na mkate ninaouoka mimi. Ndugu zake wote wamekwisha kwenda, huyu Boston, yule Sydney. Yeye peke yake ndiye aliyesema, "Bibi, mimi nabaki, mradi nipate cha kufanya." Nawe ndiye uliyeletwa kuzigawia kompyuta zile mtandao mmoja. Tangu hapo mtandao unakufa ovyo, wateja wanaondoka wakiguna, na Dervla ameanza kunyamaza. Katika ukoo wetu kijana akinyamaza, ujue anatafuta sanduku la safari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kisanduku chenu cha mtandao umekiweka ndani ya kabati langu la mashuka, ubavuni mwa tangi la maji moto. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu, "Mama, hapa ndipo pakavu kuliko pote." Ni kweli pakavu. Ndiyo maana naanika humo nguo zangu za ndani, ambazo sasa zinatazamwa usiku na mchana na kijitaa cha kijani. Tena waya wake wa umeme ukauunga palepale kwenye swichi ya tangi, ukapangusa mikono, ukasema, "Kazi safi hiyo!" Mama yako nilimjua, Bwana Tuohy. Lango lake lilifungwa kwa kamba ya majani makavu tangu ujana wake mpaka alipozikwa. Sikushangaa sana.

2. Kisanduku chenu kinachukia usafi. Usicheke. Nimekichunguza kama ninavyomchunguza kuku anayekula mayai yake mwenyewe. Kabla sijaosha vyombo kiko hai, kinapepesa kijitaa kama mchumba. Nikimaliza kuosha, kimekufa. Kabla ya kuoga, hai. Baada ya kuoga, maiti. Mimi si fundi, lakini mtu anayezimia kila akiona sabuni nitamshuku hata kama ni askofu.

3. Msije mkasingizia uzembe wa nyumba hii. Swichi ya maji moto haijapata kuachwa imewaka hapa tangu marehemu mume wangu, Malachy, alipoifunga. Nimezaa, nimezika, na katika yote hayo nikaizima. Wako wanawake hapa Kilvarna wanaoacha tangi likichemka wakaenda hadi kanisani, na wakapokea komunyo kwa ulimi uleule ulioapa kwamba limezimwa. Siwataji. Mmoja ni shangazi yako.

4. Packie Noone alishuka kutoka mlimani kuandikisha ndama wake serikalini, kama sheria inavyotaka. Akaandika kwa kidole kimoja, jasho likimtoka, alipofika mwisho mtandao ukafa. Akarudi kesho yake, ukafa. "Delia," akaniambia, "huyu ndama ataota pembe kabla hajazaliwa kwenye vitabu vya serikali." Nilimwonea huruma. Nikapasha maji, nikamwoshea kikombe kizuri nikampa chai nyingine. Kisanduku kilifufuka kidogo, kikamwona Packie, kikafa tena. Mtu mwema kama yule!

5. Jadwiga wa kiwanda cha samaki huja kuzungumza na mama yake aliye Polandi. Juzi mama aliinua mkono ambariki, na mkono ukaganda juu, mdomo wazi, macho nusu. Jadwiga akapiga yowe, "Mama amepatwa na kiharusi!" Nilimkumbatia hapo sakafuni, nikampa mkate na siagi mpaka akapata pumzi. Baraka ya mama ikatwe katikati kama soseji! Je, nusu iliyofika ilikuwa nusu ipi?

6. Hili lilihusu sura yako. Nimelifuta kwa sababu leo ni Ijumaa, siku ya toba.

7. Sasa nakuja kwenye lenyewe. Jumapili nilikwenda misa nikamwacha Dervla akiosha nywele. Niliporudi nikakuta nywele bado mbichi na mtandao unakimbia kama sungura. Na unajua anatazama nini? Kazi za Toronto! Ndama wa Packie hapiti, baraka ya mzazi haipiti, lakini Toronto inapita, tena na picha za vyumba vya kupanga! Ndipo akili ikanifunguka. Kampuni yenu imekula njama na wenye ndege. Mnatuwekea visanduku vijijini, vikamnyima kijana kila kitu isipokuwa mlango wa kutokea, mpaka huku kwetu wabaki vikongwe na kondoo, nanyi mtandaze nyaya zenu bila mtu wa kuwauliza.

Kwa hiyo nakutaka uje mwenyewe, usitume mtu, ung'oe kisanduku hicho mbele yangu nikikutazama. Umwombe radhi Dervla, umwombe radhi Jadwiga, kisha upande mlimani ukamwombe radhi ndama. Usipokuja nitamwambia padri akutaje kanisani, na si miongoni mwa wagonjwa.

Msalimie mkeo, watoto, na yule mbwa wenu mwenye jicho moja. Msalimie shangazi yako na tangi lake. Kaburi la mama yako nimelipalilia wiki hii. Nililikuta lina magugu, nikaona aibu kwa niaba yako.

Ni mimi, mwenye hasira na heshima zote,
Delia Heraghty

Tanbihi, siku chache baadaye: Nilimpa Dervla barua hii aitie kwenye bahasha, naye akaisoma, kwani adabu zimekwisha duniani. Alipofika lalamiko la pili akaketi kwenye ngazi. "Bibi," akasema, "ukimaliza kuosha vyombo, unafanya nini?" Nikamjibu, "Nazima swichi ya maji, kama mwanamke yeyote aliyelelewa." "Na kisanduku kinapata wapi umeme wake?" Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ulipokuja na waya wako. Kosa bado ni lako. Ni mpumbavu gani anayefunga mtandao kwenye swichi ambayo kila nyumba katika nchi hii huikimbilia kuizima?

Dervla ameibandika swichi plasta ili isizimwe tena. Ndama ameandikishwa. Jadwiga amebarikiwa mpaka amina. Toronto sijaiona tena. Lakini tangi linachemka tangu asubuhi hadi asubuhi, nalisikia likinguruma ukutani, na Malachy bila shaka anageuka kaburini. Leo nilifika kabatini, mkono ukainuka wenyewe. Nikamsikia Dervla huko chini akimtania Packie, "Leo umeoga, Packie, au ni harufu ya ndama?" Nikaurudisha mkono mfukoni.

Na lichemke.

Usije kung'oa kitu. Njoo uutenganishe waya na swichi ya tangi, kwa nafasi yako. Maji moto yapo tele. Njoo na taulo.