Tanzia Iliyomtangulia Bi Chiriku

Jumatatu, 6 Mei

Ninaanza shajara hii kwa sababu moja, nayo naitaja bila kuzunguka: siku nitakapokuwa mhariri mkuu, watakaotaka kuandika habari za maisha yangu wawe na chanzo cha kuaminika. Nimeona kazini jinsi habari za watu wakubwa zinavyookotwaokotwa. Zangu zisiokotwe.

Kazini ni gazeti la mtandaoni, orofa ya pili, juu ya duka la viatu. Tupo wawili katika kipindi cha majaribio, na nafasi ya ajira ni moja. Mwenzangu tunamwita Kipaza, kwa kuwa analosema Mhariri yeye hulirudia kwa sauti kubwa zaidi. Ijumaa Mhariri ataamua nani abaki.

Leo amegawa kazi. Kipaza kapewa mastaa vijana: harusi, ugomvi, magari. Mimi nimepewa tanzia za akiba, yaani habari za vifo vya wasanii wazee ambao bado hawajafa, ziandikwe mapema ili siku ikifika tusipitwe. Kipaza akanipa pole. Alisema yeye anaelekea harusini, mimi niende zangu makaburini.

Hajui nilichopewa. Kazi yote nimeukabidhi Mtambo. Mtambo ni programu ya akili mnemba niliyoifunza mwenyewe: unaandika, unachapisha, hata sauti ya mtu unaiga. Jioni nilimwonyesha Bibi, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye ninayeishi naye. Niliufanya umsalimie kwa sauti yangu kutoka kwenye simu, mimi nimefumba mdomo. Bibi akaitikia vizuri, akauliza kama nimekula, kisha akaona nacheka. Amesema kuanzia leo haamini sauti yoyote inayotoka ndani ya kidude.

Wazee na teknolojia. Inahitajika subira.

Jumanne, 7 Mei

Tanzia zote zimekamilika kabla ya chai. Ya kwanza ni ya Bi Chiriku, mwimbaji aliyestaafu kabla sijazaliwa, kipenzi cha Bibi. Wimbo wake wa "Kifungo cha Koti" ndio uliokuwa ukipigwa Bibi alipokutana na Babu. Koti la Babu bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Mtambo uliandika yote isipokuwa sentensi ya mwisho. Hiyo niliiandika mwenyewe: kwamba katika jiko moja yupo bibi ambaye, akidhani hasikiwi, huimba wimbo huo akikoroga supu, na akifika kwenye neno "kifungo" hujigusa kifuani. Haikuwa ya lazima. Nimeiacha.

Kisha nikafikia ubunifu wenyewe. Shida ya tanzia ni kuwahi. Swali: umma humtaja lini mwimbaji mstaafu? Jibu: akifa. Basi nimeuagiza Mtambo kwamba jina la marehemu mtarajiwa yeyote likitajwa ghafla na watu wengi mtandaoni, uchapishe tanzia yake papo hapo, bila kumngoja mtu. Wakati huo Kipaza atakuwa bado anatafuta miwani yake.

Jioni nilimkuta Bibi jikoni akiimba, anacheza, mwiko mkononi. Nikamrekodi. Akageuka, akasema we mume wangu (ndivyo anavyoniita tangu utotoni), unanipiga picha na gauni la kufulia? Ningoje akavae la maana. Alipotoka na la maana nilikuwa nimekwisha kuirusha video mtandaoni, na maelezo haya: "Bibi yangu na Bi Chiriku wake." Mwandishi anayetaka ajira sharti awe na wafuasi.

Bibi amenuna. Si kwa video. Kwa gauni.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi ilianza kwa heri. Watu wameipokea video ya Bibi vizuri kuliko nilivyotarajia. Vijana nisiowajua wanacheza na miiko, wanajigusa vifuani, wanaulizana Bi Chiriku ni nani. Jina lake limetajwa kila pembe. Nilikuwa namwonyesha Kipaza hesabu ya watazamaji, naye anatazama dirishani kwa makusudi, ndipo simu zote za chumba cha habari zilipolia kwa pamoja. Taarifa ilitoka kwenye gazeti letu lenyewe: BI CHIRIKU HATUNAYE TENA.

Mhariri alitoka ofisini mwake mbio, akanishika mkono. Tumekuwa wa kwanza, alisema, hata redio hazijapata. Akauliza nimeitoa wapi. Nilikuwa bado nawaza, hivyo nikajibu kwamba familia imeomba faragha.

Nilikusudia kueleza punde tu. Lakini vyombo vingine vilikuwa vimekwisha kuinakili. Kimoja kiliandika "imethibitishwa", kikitutaja sisi. Kingine kikaongeza kwamba aliugua kwa muda mfupi. Cha tatu kikapata jirani aliyemsikia akikohoa. Kipaza, ili asiachwe nyuma, alikusanya rambirambi za mastaa. Mmoja alilia mbele ya kamera huku akitangaza mafuta ya nywele. Kufikia alasiri nilianza kuamini kwamba huenda kweli amefariki. Ushahidi ulikuwa mwingi, na wote ulianzia kwangu.

Nyumbani redio imezimwa. Supu imepoa jikoni. Bibi ameketi kitandani, koti la Babu mapajani. Nilimwambia huenda habari si sahihi. Akanijibu kwa upole: "Itakosaje kuwa sahihi, mume wangu, na jina lako liko chini yake?"

Kisha akasema nimeandika vizuri, hasa pale mwisho. Akaomba nimsomee. Nilimsomea. Penye kifungo nilisoma haraka.

Alhamisi, 9 Mei

Simu ya mezani, kazini. Sauti ya mama mtu mzima ikasema: "Naomba kuzungumza na aliyeniua."

Nilisimama wima, kana kwamba simu inaona. Bi Chiriku alieleza kwamba ameamka akakuta watu mlangoni wamekuja kumlilia, na shemeji yake ameshaanza kuliulizia kabati. Alikuwa na masahihisho. Hakuwahi kuimba katika ukumbi nilioutaja. Mume wake wa pili nimemruka, na ndiye aliyekuwa mtu wa maana. Tena nimempunguzia miaka sita. Niliomba radhi, nikaahidi kurekebisha yote. "Hiyo ya miaka iache," alisema.

Akauliza yule bibi wa supu ni mtu wa kweli au wa kutunga. Nikamweleza: ni Bibi yangu, habari za koti, na kwamba hajala tangu jana kwa kuwa yuko msibani. Akauliza kafiwa na nani. Nikasema na wewe, mama.

Akacheka mpaka akakohoa, kwa hiyo yule jirani hakukosea sana.

Alitaka aongee na Bibi mwenyewe. Nilimweleza Mhariri kila kitu, kwa utaratibu, pamoja na mchoro, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, nikakimbia nyumbani. Nilimpigia Bi Chiriku kwa simu yangu, nikampa Bibi, naye akaipokea kwa adabu. Bi Chiriku akajitambulisha, akaimba hata ubeti mzima. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Umejitahidi, mwanangu, lakini marehemu alikuwa na sauti ya juu kidogo." Akanirudishia simu. Akaniambia nikaulaze huo Mtambo wangu. Yeye si mtoto wa kudanganywa ili ale.

Nilijitetea kwamba safari hii si Mtambo. Akanipapasa shavu. Akasema anajua namtakia mema.

Bi Chiriku alikuwa bado yuko hewani, na alikuwa amesikia. "Ya juu kidogo?" aliuliza. "Mwambie nakuja. Na alitoe hilo koti nilione."

Ijumaa, 10 Mei

Uamuzi umetoka. Mhariri alisema kwa siku mbili nimemletea habari mbili zilizosomwa kuliko zote mwaka huu, ya kifo na ya kukanusha kifo, na kwamba mwandishi mwenye akili timamu asingeweza. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru. Ajira amepewa Kipaza. Mimi nimeongezewa majaribio, kwa sharti kwamba kisichapishwe tena chochote ambacho jicho la mtu halijakipitia. Nimekula kiapo. Kipaza akakirudia kiapo changu kwa sauti kubwa zaidi.

Baadaye aliniwekea kikombe cha chai mezani bila kusema neno. Kwake hiyo ni hotuba.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikitunga namna ya kumwambia Bibi kwamba sikupata. Sikuhitaji. Alinitazama tu, akanivutia kiti. Alisema Babu naye hakupata kazi mara ya kwanza, na walimjua kwa koti, si kwa cheo.

Kuhusu Bi Chiriku bado haamini. Ila nilimkuta anapiga pasi gauni la maana. Alisema gauni halidhuriki kwa kupigwa pasi. Koti ameliweka dirishani lipate hewa, na kifungo kilichopungua tangu enzi za Babu amekishona. Hilo pia halidhuru. Amekula nusu bakuli. Akija mtu akawa mwongo, amesema, atamwonyesha mlango. Na akiwa ndiye kweli, nisithubutu kurekodi kabla yeye hajakaa sawa. Nimeahidi.

Sasa upande wa kazi. Bi Chiriku hajamwambia chombo kingine chochote kwamba anakuja. Habari hii ni yangu peke yangu, na ikitoka vizuri Mhariri atajutia haraka yake. Kwa hiyo Mtambo na mimi tumekwisha kuiandika: walivyokumbatiana, walichoambiana, Bibi alivyokubali kwamba sauti haijashuka hata chembe. Imependeza sana. Nimeuagiza Mtambo uichapishe wenyewe kesho, mara tu baada ya hodi, ili Kipaza asije akaniwahi. Sharti la Mhariri limezingatiwa kikamilifu. Jicho la mtu limeipitia. Langu.

Sentensi ya mwisho tu ndiyo nimeiacha wazi. Hiyo Mtambo hauiwezi, nami siwezi kuiandika kabla sijaona Bibi atakavyomtazama.

Habari itatoka saa nne na dakika moja. Mgeni anafika kesho, Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, na Bibi ameniagiza nisikawie kufungua mlango.